Jasho la Novemba, Bei ya Juni

Wajukuu zangu, mtu akiwaambia kwamba wakulima ni maskini kwa sababu ni wavivu, mwulizeni kama amewahi kukaa Kamsamba msimu wa mpunga. Mama anaondoka nyumbani alfajiri na mtoto mgongoni, anainama kwenye maji mpaka jua linageuka, na akirudi jioni hapumziki: kuni zinamsubiri, maji yanamsubiri, chungu kinamsubiri. Mwulizeni pia kama amewahi kuchuma kahawa Igamba au Iyula asubuhi za mwezi wa saba, baridi ikiuma vidole, kisha usiku uleule akaimenya kwa mashine ya mkono kwa sababu kahawa mbivu ikilala itachacha. Ingekuwa kazi peke yake inatajirisha, mkoa mzima wa Songwe ungekuwa wa maghorofa.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huku kwetu mchumaji yuko juani na mlaji yuko kivulini, lakini si mtu mmoja.

Kwa hiyo sitawahimiza mfanye kazi kwa bidii. Hilo mmeshaambiwa na kila aliyepanda jukwaani tangu uhuru. Uhuru na Kazi. Siasa ni Kilimo. Kilimo cha Kufa na Kupona. Kilimo Kwanza. Hapa Kazi Tu. Kauli nzuri zote, na zote zilimkuta mkulima tayari yuko shambani. Mimi nina neno jingine. Sisi watu wa Mbozi, Momba na Ileje tunajua kufanya kazi kuanzia Novemba, mvua zikianza, hadi palizi ya mwisho. Umaskini wetu hautengenezwi miezi hiyo. Unatengenezwa kuanzia Mei hadi Agosti, mazao yakiwa uani na sisi tumekaa tukidhani kazi imekwisha.

Babu zenu wa zamani walitoka huku kwa miguu kwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya. Wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Zambia, enzi hizo ikiitwa Rodeshia ya Kaskazini. Hawakwenda kwa sababu ardhi ilikuwa imekwisha au njaa imewashinda. Walikwenda kutafuta shilingi ya kodi, maana mkoloni hakupokea ulezi. Wakarudi na blanketi, baiskeli, na baadhi yao na kifua kibovu. Tangu wakati huo kikaingia kichwani mwetu kitu ambacho hakijatoka hadi leo: kwamba fedha iko mahali pengine, na shamba ni mahali pa kusubiri wazee wafe.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilijaribu kutung'oa kichwani wazo hilo. Lilisema fedha si msingi wa maendeleo, msingi ni watu na kazi yao na ardhi yao. Likasema pia kujitegemea kunaanza kwa mtu mmoja, kunakwenda kwenye nyumba kumi, kwenye kata, mpaka taifa. Vijana wa leo mnalicheka Azimio, na yako mambo ndani yake yanayochekesha kweli, lakini mpangilio ule wa kuanzia nyumbani ulikuwa sahihi. Kosa ni kwamba nyumbani hatukuanza. Tulianza na mikutano.

Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ikaweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likawa ndilo mnunuzi. Mkulima wa Mbozi alilipwa sawasawa na wa Morogoro, gharama ya lori ikabebwa na taifa. Mbolea ikaja kwa ruzuku. Mikoa yetu ya nyanda za juu kusini ikageuka ghala la nchi. Halafu malipo yakaanza kuchelewa. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, lakini vilirudi vimechoka. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfumo wote ulikuwa umeporomoka, na mfanyabiashara akaingia kijijini na lori lake, fedha zake taslimu na debe lake. Angalieni vizuri: mkulima hakuwa amebadilika. Alilima kwa jembe lilelile, kwenye ardhi ileile, kwa jasho lilelile. Kilichobadilika ni kile kilichotokea baada ya mavuno.

Mmeyaona wenyewe ya karibuni. Mwaka 2017 Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, na sisi ambao soko letu liko hatua chache tu pale Nakonde, upande wa Zambia, tukabaki na magunia bila mtu wa kuyauliza. Mwaka 2024 ukame ukaunguza mashamba ya Zambia, hata Rais wao akatangaza janga la taifa, na mahindi ya Tanzania yakatafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka wa kwanza mkulima alionekana mjinga, mwaka wa pili akaonekana hodari. Hakuwa mjinga wala hodari. Alikuwa mtu asiyeshika bei mkononi.

Sasa chukueni daftari, maana bila namba maneno yangu yatakuwa hotuba nyingine tu.

Tuseme una ekari moja ya mahindi. Kulimisha kwa ng'ombe, sh 60,000. Mbegu za dukani, sh 80,000. Mifuko miwili ya mbolea, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, kwa bei ya ruzuku ya sh 70,000 tuliyoijua msimu wa 2022/2023, ni sh 140,000. Palizi ya vibarua, sh 50,000. Kuvuna, kupukuchua na kusomba mpaka nyumbani, sh 60,000. Jumla sh 390,000. Mvua ikiwa ya wastani na wewe ni mkulima wa kawaida, tuseme umepata gunia 12. Mwezi wa sita dalali anakuja na sh 40,000 kwa gunia. Unapata sh 480,000. Unashika noti, unajiona una pesa, na mtaani wanakuona una pesa. Lakini kilicho chako humo ni sh 90,000. Kwa miezi yote ile. Na hapo hatujamlipa mkeo, hatujawalipa watoto walioamia ngedere na ndege, hatujakulipa wewe.

Gunia hizohizo 12 ungezihifadhi kwenye mifuko ya plastiki ya kuzuia wadudu, ile inayofungwa tabaka juu ya tabaka, tuseme kwa sh 5,000 kila mmoja, ungetumia sh 60,000 zaidi. Januari, wakati wengi wameshamaliza chakula na wanarudi sokoni kununua, gunia likifika sh 75,000 unapata sh 900,000. Ondoa gharama zote, sh 450,000 ni zako. Mara tano ya zile 90,000. Hukuongeza hata tuta moja.

Najua mtakachosema. Babu, si kila mwaka bei inapanda. Kweli. Ipo miaka Januari inafika na bei imelala palepale, au Serikali imefungua mlango wa mahindi kutoka kwingine. Na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huliwa na dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini Tabora miaka ya 1970 na wakulima wakambandika jina la Scania, au huota ukungu yakapata sumukuvu, na hapo hata kuku usiwape. Ndiyo maana sisemi hifadhi yote. Nasema usiuze yote Juni. Mwenye gunia 12 akiuza nne za kulipa madeni, akabaki na nane, anaweza kumwambia dalali apite wiki ijayo. Asiye na gunia hata moja hana cha kumwambia mtu.

Tena huyo dalali hapimi kwa kilo. Anapima kwa debe ambalo limetanuliwa kwa nyundo, au anajaza lumbesa mpaka gunia linaota kichwa. Sheria ya vipimo inakataza, na kila mwaka kiongozi mmoja hukasirika mbele ya waandishi wa habari. Lumbesa inaendelea kwa sababu muuzaji ana haraka. Ana haraka kwa sababu anadaiwa. Anadaiwa kwa sababu mwezi wa pili, mtoto alipougua au ada ilipodaiwa, alikwenda kwa wale wa mikopo tunayoiita kausha damu, akaweka rehani mazao yaliyo shambani. Wenzetu wa Kagera wanaiita butura biashara ya kuuza kahawa ingali kwenye mti, na Serikali imekuwa ikipambana nayo miaka mingi. Huku kwetu pia ipo, ya kahawa na ya mahindi. Mtu anapalilia shamba ambalo tayari si lake. Huo si uvivu, wajukuu zangu. Ni bidii yote ya mtu kufanya kazi kwa ajili ya mwingine bila kujua.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie, maana ni penye maumivu.

Nani aliwafundisha kudharau jembe? Msiseme televisheni, msiseme simu. Ni sisi. Baba anarudi kutoka shambani, anamkuta mtoto anacheza, anamwambia: soma, usije ukashika jembe kama mimi. Anadhani anampa moyo. Mtoto anasikia kwamba baba yake ni mfano wa aibu. Anakwenda shule, akichelewa kengele adhabu yake ni kulima bustani. Akigombana na mwenzake, kulima. Mtoto amefundishwa na nyumba na shule, kwa miaka saba mfululizo, kwamba kulima ni kitu wanachopewa waliokosea. Tena hii ndiyo nchi iliyoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ikataka kila shule iwe na shamba la kujifunzia! Mashamba ya shule yakageuka mahali pa viboko. Kisha tunashangaa kijana akimaliza kidato cha nne anapanda Noah kwenda Tunduma bila kuaga.

Na Tunduma inavutia, sitawadanganya. Malori yamejipanga kutoka mpakani kurudi nyuma, yanakwenda Lubumbashi, Ndola, Lusaka. Wabadilisha fedha wamekaa na mabunda ya kwacha. Usiku taa hazizimwi. Kijana anayepakua mizigo anaondoka na fedha yake jioni ileile, wakati baba yake anasubiri miezi sita. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwaka 2019, shughuli zimeongezeka, na mji umepita watu laki mbili. Siwakatazi kwenda. Mpaka ule ni mali yetu pia, na asiyeutumia amelala.

Ila nawaomba mwangalie mnavyoutumia. Kijana anauza robo ya shamba aliloachiwa, ananunua pikipiki. Miaka miwili baadaye pikipiki ni chuma chakavu, na shamba lina nyumba ya mtu mwingine. Kuna mwingine ambaye hana pikipiki, anaendesha ya tajiri. Huyu namheshimu kwa jambo moja: kila jioni anajua hesabu ya bosi ni shilingi ngapi, mafuta ni ngapi, chake ni ngapi. Angeipeleka akili hiyohiyo kwenye shamba la mama yake, wangekuwa mbali. Tena kuna wale wa mikeka ya kubashiri mechi, wanaokaa chini ya mwembe wakisubiri timu ya Ulaya ambayo hawawezi kuutamka mji wake iwafungulie maisha. Kitu pekee ninachokijua kilichowahi kuanguka Mbozi kutoka mbinguni ni kimondo kile cha Ndolezi, tani 12 za chuma, na hakuna aliyekila.

Yapo mambo mabaya kuliko mikeka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia 2000, huku Mbozi na Tunduma watu waliuawa na kuchunwa ngozi kwa imani kwamba ngozi ya binadamu inaleta utajiri. Wengi wenu hamjazaliwa, na wazazi wenu hawapendi kuyasema. Mimi nayasema kwa sababu mzizi wake bado upo. Mzizi wenyewe ni kuamini kwamba mali haina hesabu, ina dawa. Jirani akivuna gunia 25 kwenye ekari ambayo wewe umevuna saba, huendi kumwuliza alipanda lini, alipanda mbegu gani, aliweka mbolea mara ngapi. Unasema ana misukule inayomlimia usiku. Kisha kijiji kinachangishana kuwaleta lambalamba wafichue wachawi, polisi wanawafukuza, msimu unaofuata wanarudi. Fedha ya mchango ule ingetosha kununua mizani ya kijiji. Na yule jirani hodari, kwa kuogopa maneno, anaacha kulima vizuri, au anahama. Tunawafukuza walimu wetu wenyewe.

Upande wa pili wa imani hiyohiyo ni wale wanaosema umaskini ni fungu tulilopangiwa na Mungu. Nimeabudu maisha yangu yote, na sijaona mahali Mungu aliposema gunia la Mbozi liwe na debe saba.

Sasa niingie ndani ya nyumba, na vijana wa kiume msikilize zaidi. Nimesema jasho letu linapotea kati ya Mei na Agosti. Si lote linalochukuliwa na dalali. Jingine linapotea mikononi mwa baba mwenye nyumba. Mke amepanda, amepalilia, amechuma. Jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha msingi ni la mume, na malipo ya kahawa yanakwenda kwa mume. Wiki ile haonekani nyumbani. Yuko Mlowo, yuko Tunduma, amepata mke wa msimu. Anarudi fedha ikiisha, ana redio mpya na hasira. Mwanamke anaanza tena Novemba. Halafu mnaniuliza kwa nini binti zangu hawataki kuolewa na mkulima.

Na watoto je? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa na Njombe zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Rukwa, majirani zetu hawa wa njia ya Sumbawanga, ni karibu nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Mahindi yapo, maharage yapo, maziwa yapo. Lakini maharage yameuzwa, mayai yameuzwa, maziwa yameuzwa, na mtoto anapewa uji wa unga mweupe kwa sababu mama yuko shambani toka alfajiri hadi jioni na hana nafasi ya kumpikia kingine. Songwe tusijivune mbele yao. Sufuria zetu ni zilezile. Mkulima anayeuza yai ili anunue soda hajakosa chakula, amekosa mtu wa kumwambia kwamba hilo yai ni mtaji wa kichwa cha mwanawe. Bidii ya mama yule, ikiwa kubwa mno na peke yake, inageuka kuwa njaa ya mtoto. Kwa hiyo mume anayebeba maji na kubaki na mtoto asubuhi moja si mnyonge. Anafanya kazi ya shamba.

Nimesikia pia mkibishana kuhusu fedha za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini. Wengine wanawacheka walioandikwa humo, wengine wana nguvu za kupasua mwamba na wanamlilia mwenyekiti wa kijiji awaandike. Wote mmekosea. Bibi anayelea wajukuu yatima akipokea ruzuku ile akanunua kuku watano, amejitegemea kuliko wewe mwenye ekari nne na deni la kausha damu. Kujitegemea hakujawahi kuwa kukataa mkono wa mtu. Reli hii ya TAZARA inayopita Vwawa na Tunduma tulijengewa na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa mkopo usio na riba. Tulipokea, na vijana wetu wengi wakafanya kazi humo. Lakini kutunza ilikuwa kazi yetu sisi na Wazambia, na mnaona wenyewe treni zilivyopungua. Msaada hauna aibu. Aibu ni kuupokea bila kujua utafanyia nini.

Basi mfanye nini? Nitasema machache, mengine mtayaona njiani.

Wale wa kahawa, nendeni Mbimba, kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kiko hapahapa Mbozi. Ipo miche inayovumilia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, wakati bado mnang'ang'ania miti aliyopanda babu yangu na kutumia fedha kuinyunyizia dawa. Kwenye chama cha msingi msiende siku ya malipo tu. Nendeni siku ya kusoma mahesabu, siku ambayo ukumbi huwa mtupu, mkaulize makato ya kila kilo yanakwenda wapi. Chama kinachoulizwa hakiibiwi kirahisi. Na majina ya wake zenu yaandikwe humo.

Wale wanaotaka mkopo, halmashauri inatenga sehemu ya mapato yake kwa ajili ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya vijana na 4 ya wanawake, bila riba. Foleni ni ndefu, fomu ni nyingi, na wako wanaopewa kwa kujuana. Endeleeni kuomba hivyohivyo, lakini kaandikeni kwanza hesabu ya ekari moja niliyowaonyesha. Mkopo ukiingia kwenye nyumba isiyo na daftari, unaongeza deni tu.

Na ninyi wa Tunduma, hili ndilo ninalolitaka zaidi ya yote. Mko kivulini tayari. Mnajua bei ya Nakonde asubuhi kabla haijafika kijijini jioni. Mnajua dereva gani anarudi mtupu, wakala gani ni mkweli, mnunuzi gani anatafuta maharage ya njano na yupi anataka ufuta wa Momba. Elimu hiyo mnamuuzia mfanyabiashara kutoka mbali kwa posho ya siku moja, ili akamnunulie mama yenu kwa bei ya Juni. Kwa nini? Kaeni vijana watano wa kijiji kimoja. Wawili wabaki nyumbani wakusanye, wakaushe, wapime kwa kilo na kuhifadhi. Wawili wawe mpakani watafute soko, wapate cheti cha afya ya mimea na kibali cha kusafirisha, wasipitie njia za panya, maana mzigo ukikamatwa unaokwenda ni wa kijiji kizima. Mmoja ashike daftari, na akiwa msichana sitashangaa likiwa safi zaidi. Mtaanza na gunia kumi. Mtatapeliwa mara moja, pengine mbili. Lakini siku ambayo anayechuma na anayekula watakuwa wa nyumba moja, mtakuwa mmenielewa.

Sijasema kwamba mtakuwa matajiri. Wako watu wenye daftari na bado ukame umewamaliza, au ugonjwa umechukua kila kitu. Mzee anayewaahidi utajiri ana kitu anawauzia. Ninachosema ni kwamba upo umaskini unaokuja wenyewe, na upo tunaouita kwa mikono yetu kila mwezi wa sita, na huu wa pili tunaweza kuukataa.

Mavuno hayako mbali. Kabla dalali hajaingia uani, kaeni chini baba, mama na watoto wakubwa, mhesabu kwa sauti. Tengeni kwanza chakula cha kufika mavuno mengine, na mbegu na mbolea ya msimu ujao, na ada ya shule. Kinachobaki ndicho cha kuuza, na kiuzwe kwa mizani, mchana, mama mwenye nyumba akiwa amesimama hapo anaona.